DAKTARI HADDOW NA SAA YA MBU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Hapa Eldoret tukiambiwa tuandike maisha ya mtu mashuhuri, mkono unaenda wenyewe kwa wanariadha. Mimi si kwamba nawadharau, la hasha! Ila mwaka huu nimeona niwaletee mtu ambaye hakukimbia popote. Yeye aliketi msituni miaka na mikaka akihesabu mbu. Jina lake ni Alexander John Haddow.

Najua kuna atakayecheka. Kuhesabu mbu ni kazi gani? Lakini subirini kidogo. Wenzetu wa Bonde la Kerio, nyinyi mnaoteremka pale Iten shule zikifungwa, waulizeni wazazi wenu juu ya mwaka wa 1992. Kuanzia mwezi wa Septemba mwaka huo hadi Machi 1993 watu wa huko walishikwa na homa kali, macho yakawa ya manjano, wengine wakatoka damu puani na mdomoni, na wengi wao wakafa. Ilikuwa homa ya manjano, na huo ndio mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo kuandikwa rasmi katika nchi ya Kenya. Wataalamu walipokwenda kumtafuta mbu aliyeuleta, mmoja wa washukiwa wao alikuwa mbu wa msituni aitwaye Aedes africanus. Walijua pa kumtafuta. Tena walijua ni saa ngapi anatoka. Hayo yote hayakuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu alikesha akiyatafuta, na wakati huo alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 10.

Haddow alizaliwa tarehe 27 Desemba 1912 katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Glasgow, halafu kama kwamba hiyo haikutosha akarudi darasani akasomea udaktari wa watu pia. Ndiyo maana baadaye aliweza kumtazama mgonjwa kwa jicho moja na mdudu kwa jicho la pili. Mwaka wa 1941, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, alikuja Afrika Mashariki. Na mahali alipoanzia kazi si mbali na sisi. Ni Kisumu.

Kule Kisumu alishughulika na mbu wa ndani ya nyumba za nyasi. Alipima joto na unyevu wa hewa ndani ya nyumba hizo, akahesabu mbu waliokuwamo, na mwaka wa 1942 akachapisha makala ndefu juu ya mambo hayo. Mtu mwingine angesema mbu ni mbu tu, anauma, anapigwa kofi, basi. Yeye alitaka kujua ni mbu gani, wangapi, chumba kikiwa na joto kiasi gani. Tabia hiyo ya kutoridhika bila tarakimu hakuiacha mpaka kufa kwake.

Mwaka huo huo wa 1942 alivuka mpaka akaenda Entebbe, Uganda. Huko kulikuwa na Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano, iliyofunguliwa mwaka wa 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Chanjo ya homa hiyo ilikuwa imeshapatikana mwaka wa 1937, lakini chanjo ni kitu kimoja, na kujua ugonjwa unajificha wapi ni kitu kingine. Katika miji ya Marekani ya Kusini na visiwa vyake watu walikuwa wakijua mwizi ni nani: mbu wa majumbani, Aedes aegypti, anayezaa kwenye mitungi na makopo ya maji. Uganda mambo yalikataa kufuata kitabu.

Hebu niwaeleze kitendawili chenyewe. Magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori karibu na mpaka wa Kongo, kuna nchi ya Bwamba. Ina msitu mzito, na kando ya msitu kuna migomba. Homa ya manjano ilionekana huko mwaka wa 1941. Damu ya kima wa msituni ilipopimwa, wengi walionyesha kwamba waliwahi kuupata ugonjwa. Lakini yule mbu wa majumbani hakuwa akiwauma watu wa Bwamba sana. Sasa virusi vilitokaje kwa kima aliye juu ya mti, vikafika kwa mama anayelima chini?

Haddow na wenzake waliamua kumfuata mbu saa kwa saa. Walijenga madungu ya mbao juu ya miti, kama yale wakulima wanayojenga ili kufukuza ndege na nguruwe mwitu, lakini haya yalikuwa juu sana, mengine karibu na vilele. Mtu akaketi chini, mwingine akaketi katikati, mwingine huko juu. Mbu akitua mwilini anakamatwa kwa kichupa. Kila saa ikiisha, vichupa vya saa hiyo vinawekwa kando na vipya vinaanza. Hivyo hivyo mchana na usiku, saa 24 bila kukosa hata moja. Si mchezo! Na hapa lazima niseme kitu kimoja. Walioketi kwenye madungu hayo wakijitoa kuwa chambo walikuwa zaidi wenyeji, watu wa Bwamba na wengine wa Uganda, lakini kwenye vitabu jina linalong'aa ni la Daktari. Kama kuna sifa, wagawiwe na wao, maana bila miguu yao hakuna ambacho Haddow angehesabu.

Tarakimu zilipojikusanya, kitendawili kikaanza kuteguka. Aedes africanus anakaa juu ya miti, na anauma kwa fujo mara tu jua linapozama. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili ni ile saa ya kwanza ya usiku, kuelekea saa moja. Wakati huo kima nao wamepanda kulala. Basi mbu na kima wanakutana pahali pamoja kwa saa moja, na virusi vinazunguka huko huko juu kila siku bila mtu yeyote kujua. Binadamu saa hiyo yuko nyumbani anasubiri chakula. Hawakutani.

Lakini kuna mbu mwingine, siku zile akiitwa Aedes simpsoni. (Siku hizi wataalamu wamemtenga na jamaa zake na kumwita Aedes bromeliae.) Huyu anazaa katika yale maji kidogo yanayobaki pale jani la mgomba linaposhikana na shina. Ukienda shambani baada ya mvua chungulia, utayaona. Yeye anauma mchana, hapo hapo kwenye migomba. Na kima, hasa yule mwenye mkia mwekundu, mchana ana tabia gani? Anateremka kuiba ndizi! Kima mwenye virusi anaumwa na mbu wa migomba akiwa katika wizi wake. Virusi vinakaa ndani ya mbu kama wiki moja au mbili vikizaana. Halafu mwenye shamba anakuja kukata ndizi, naye anaumwa.

Ona sasa jinsi saa ilivyo jambo kubwa. Ukichora ramani peke yake utaona msitu, kima, migomba na watu, na bado hutajua lolote. Mpaka uweke saa juu ya ramani ndipo mlango unafunguka. Haddow alimfuata hata yule kima mwizi. Mwaka wa 1952 alichapisha kitabu kizima, naweza kusema, juu ya maisha ya kima mwenye mkia mwekundu, anavyotembea na anavyokula.

Nije kwenye hesabu, na tafadhali wale mnaoichukia msifunge jarida. Haddow alikuwa na tatizo la wastani. Mbu hawaji kwa kipimo. Usiku huu wanakuja 2, kesho hakuna hata mmoja, kesho kutwa mvua inanyesha wanakuja kama jeshi. Tuchukue mfano wangu mwenyewe wa kubuni. Saa moja ile ile, siku 5, umekamata mbu 0, 1, 3, 0 na 96. Jumla ni 100. Ukigawa kwa 5 unapata 20. Je, kuna siku hata moja ulipokamata mbu 20 au karibu na hapo? Hakuna. Siku moja ya fujo imezimeza zile nyingine 4 na kukupa jibu la uongo.

Dawa yake ilitoka kwa mtaalamu mwingine wa wadudu, C. B. Williams, ambaye naye aliwahi kufanya kazi Amani kule Tanganyika katika miaka ya 1920. Dawa hiyo ni logi, zile zile tunazozilia darasani tukiuliza zitatusaidia nini maishani. Unaongeza 1 kwa kila idadi ili sifuri isikusumbue, kwa sababu sifuri haina logi. Unatafuta logi za 1, 2, 4, 1 na 97. Unachukua wastani wa logi hizo, unarudi kwenye namba ya kawaida, halafu unaondoa ile 1 uliyoongeza. Mimi nimeifanya kwa kitabu cha majedwali nikapata 2.8. Sasa hiyo inafanana na siku za kweli. Haddow aliitumia njia hii kuchora mstari wa saa 24 wa kila aina ya mbu, na mistari hiyo ilimwonyesha kwamba kila aina ina kilele chake, wengine jioni, wengine usiku wa manane, wengine alfajiri, na kilele hakihami ovyo ovyo.

Na bahati yake ilikuwa kwamba alikuwa kwenye ikweta. Kwao Glasgow mwezi wa Desemba jua linazama hata kabla ya saa kumi jioni, na mwezi wa Juni linazama karibu saa nne usiku. Ungemfuatilia mbu wa jioni huko ungechanganyikiwa. Entebbe, kama hapa kwetu Eldoret, jua linazama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Ndiyo sababu wazee wetu waliweza kuanza kuhesabu saa za usiku jua linapotua na hesabu ikakubali. Mbu anahesabu kama Mswahili, hilo ni neno langu, si la Haddow.

Katika kazi hiyo hiyo ya homa ya manjano wakaangukia kitu ambacho hawakukitafuta. Karibu na Entebbe kuna msitu mdogo kando ya Ziwa Viktoria uitwao Zika. (Si ile zika yetu ya kumzika mtu! Ni jina la Kiganda.) Mwezi wa Aprili 1947 kima mmoja aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti kama mtego wa virusi alipata homa. Katika damu yake kulikuwa na virusi visivyojulikana popote. Januari 1948 virusi hivyo hivyo vikapatikana ndani ya Aedes africanus wa msitu ule ule. George Dick, Stuart Kitchen na Haddow walitangaza habari hizo mwaka wa 1952, na virusi vikapewa jina la msitu. Dunia haikujali sana. Ilijali mwaka wa 2015 na 2016, ugonjwa wa Zika ulipolipuka Brazil na watoto wakazaliwa na vichwa vidogo. Hapo waandishi wa habari wakapanga foleni kuelekea msitu ambao hata Waganda wengi hawakuwa wanaufahamu.

Mwaka wa 1953 Haddow alifanywa mkurugenzi wa taasisi, ambayo sasa ilikuwa inaitwa Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Virusi. Wakubwa wengine wakipewa kiti hawatoki tena ofisini. Yeye alitafuta njia ya kupanda juu zaidi. Ulisimamishwa mnara wa chuma wa futi 120, yaani kama mita 36, kwanza katika msitu wa Mpanga mwaka wa 1958, halafu mwaka wa 1960 ukahamishiwa Zika. Wakamataji waliketi ngazi mbalimbali, kutoka ardhini hadi juu ya vilele vya miti ambako unaona anga tu. Dungu la mbao lisingefika huko.

Wakati huo huo, katika maabara, yeye na mwenzake J. D. Gillett walikuwa na swali lingine. Je, mbu anajua saa kwa kuona jua, au ana saa yake ndani ya mwili? Walimchukua Aedes aegypti na kuangalia saa anazotaga mayai. Aliyataga zaidi jioni, kabla ya jua kutua. Walipomweka chini ya taa na kugeuza saa za mwanga na giza, saa ya kutaga nayo ikahama ikafuata usiku mpya. Yaani kuna saa, na mwanga ndio unaoitia majira.

Jambo hili la saa ya ndani halikuanza na mbu. Lilianza na mmea. Kuna mmea uitwao kifyauwongo, ule ukiuguza majani yanajikunja kama umeona haya. Usiku majani yake hujifunga, asubuhi hufunguka. Mfaransa Jean-Jacques de Mairan mwaka wa 1729 aliuficha gizani, na majani yakaendelea kufunguka na kujifunga kwa wakati wake ingawa jua halikuwepo. Siku hizi wanahisabati wameiandikia saa ya mimea milinganyo kabisa. Ndani ya seli kuna jeni moja inayowasha nyingine, na hiyo nyingine inarudi kuizima ile ya kwanza, mzunguko unachukua kama saa 24. Unaweza kuweka milinganyo hiyo kwenye kompyuta, ukazima jeni moja, ukaona saa itaharibika vipi kabla hujagusa mmea wenyewe. Haddow hakufika huko. Kompyuta hakuwa nayo na jeni za saa hazikuwa zimejulikana. Lakini mlinganyo bila mistari kama yake hauna cha kulinganishwa nacho, ni kama mtihani usio na karatasi ya majibu. Na saa ya mbu bado ina kazi. Mbu wa malaria wanajulikana kuuma usiku sana watu wakiwa wamelala, na hapo ndipo neti inasaidia. Katika sehemu kadhaa za Afrika wameanza kuonekana wakiuma mapema jioni, au asubuhi watu wameshaamka. Utajuaje kwamba mbu amebadilisha saa kama hakuna aliyemhesabu zamani?

Sisemi kwamba Haddow alimaliza kila kitu. Mwaka wa 1959 ugonjwa wa o'nyong-nyong ulizuka kaskazini mwa Uganda, ukaenea hadi Kenya na Tanganyika, watu kwa mamia ya maelfu wakalala na maumivu ya viungo. Jina lenyewe ni la Kiacholi. Taasisi yake ilivitambua virusi, lakini kuuzuia mlipuko haikuweza. Na kati ya mwaka wa 1960 na 1962 homa ya manjano iliua watu wanaokadiriwa kuwa 30,000 nchini Ethiopia. Mtu anaweza kujua mbu anatoka saa ngapi na chanjo isifike kijijini. Katika maeneo ya Baringo na Elgeyo Marakwet, baada ya ile balaa ya 1992, chanjo ya homa ya manjano iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto.

Haddow aliondoka Entebbe mwaka wa 1965, baada ya miaka 23. Alirudi chuo chake cha Glasgow akawa profesa, na mwaka wa 1970 akawa mkuu wa kitivo cha tiba. Mwaka wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo wanasayansi wa Uingereza wanaililia. Alifariki tarehe 26 Desemba 1978, siku moja tu kabla ya kutimiza miaka 66.

Nimesahau kuwaambia kwamba alipenda sana zumari la mfuko, lile la Kiskoti. Hata muziki huo aliuchunguza vilevile alivyowachunguza mbu: akaupasua wimbo mmoja mmoja, akatazama umejengwa vipi na sehemu gani inarudi baada ya ipi. Kitabu chake juu ya nyimbo hizo kilitoka mwaka wa 1982, yeye akiwa kaburini miaka karibu minne.